Nani Kakuchagulia wa Kumhurumia? Somo la Dakika za Mwanzo wa Filamu



Anayezoea kuangalia filamu vibandani analijua swali la kwanza la mtu aliyechelewa kuingia. Kabla hajapata pa kukaa, anamgusa jirani yake begani na kumuuliza, "Steringi ni nani?" Akishaonyeshwa, anatulia. Tangu hapo steringi akikimbia, naye moyo unamwenda mbio. Akipigwa, naye anakunja uso. Adui akianguka, anapiga makofi pamoja na wenzake. Hajui ugomvi ulianzaje wala nani ana haki. Anachojua ni steringi tu, na hicho kimemtosha.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni la pili: steringi kawaje steringi? Nani aliamua kwamba huyu ndiye wa kumwombea salama na yule ndiye wa kumwombea mabaya, na aliamua kwa kutumia nini? Ndilo swali tulilolishughulikia muhula huu katika darasa la vyombo vya habari ninaloliongoza kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Hatukutazama filamu nzima hata moja. Tulitazama mianzo tu, dakika tano au kumi, tukirudia na kurudia. Ndugu na dada kadhaa waliokosa vipindi hivyo wameniomba niyaandike tuliyojifunza, na makala hii ni jibu la ombi lao.

Nianze na jambo moja ili tusielewane vibaya. Sizungumzii hukumu ya kutazama filamu. Hilo lina wenyewe wa kuliulizwa. Nazungumza na mwanafunzi ambaye tayari anatazama, kwenye simu, kwenye kompyuta ya bwenini, kwenye basi la usiku, na ambaye moyo wake unasogezwa huku na huko bila yeye kujua mkono unaousogeza.

VYOMBO VYA KAZI

Sote tuliosoma fasihi shuleni tunajua kwamba riwaya ina msimulizi, na kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza hutuvuta upande wake kwa sababu tunaona anayoyaona na kusikia anayoyasikia. Filamu nayo ina msimulizi, ila haonekani wala hajitambulishi. Msimulizi huyo ni kamera, ni sauti, na ni mkasi wa mhariri. Katika dakika za mwanzo anatumia vyombo sita hivi.

Cha kwanza ni zamu: nani anaonekana kabla ya wengine. Mtu wa kwanza kupewa nafasi na muda ndiye tunayemchukulia kuwa wetu, kama mgeni anavyomshika mwenyeji wa kwanza aliyempokea stendi.

Cha pili ni macho: kamera imesimama wapi? Ikisimama nyuma ya bega la mtu na kutazama anakotazama yeye, tunakuwa tumeazimwa macho yake. Anayetazamwa anageuka kuwa kitu cha kuchunguzwa, cha kutamaniwa, au cha kuogopwa.

Cha tatu ni ukaribu. Uso ukijaza kioo, tunaona kope zikicheza, jasho, koo likimeza mate. Hatuwezi kukaa karibu namna hiyo na mtu bila kuanza kumwelewa. Mtu anayeonyeshwa kwa mbali, mdogo kama sisimizi, hatumjui wala hatumwonei uchungu.

Cha nne ni sauti. Muziki unatuambia tuogope kabla ya jambo la kuogopesha kutokea. Sauti ya pumzi inatuweka ndani ya kifua cha mtu. Na kuna ambaye anapewa maneno, na kuna ambaye anaachwa bubu.

Cha tano ni mpangilio wa picha. Miaka ya mwanzo ya sinema ya Urusi, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usio na hisia yoyote ya wazi. Inasimuliwa kwamba aliuunganisha uso huo mmoja na bakuli la supu, kisha na mtoto ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi. Uso ulikuwa uleule. Hisia walizitia wenyewe, kwa sababu picha mbili zikiwekwa jirani, akili ya binadamu huzifungisha ndoa bila kuombwa.

Cha sita ni muda. Mtu tuliyekaa naye dakika 30 hatumhesabu sawa na mtu tuliyemwona sekunde 30, hata kama wote wawili wamepatwa na msiba mmoja.

Mtazamaji wa kibandani ana chombo cha saba. Hapa Kampala, VJ huketi na maikrofoni akiifasiri filamu kwa Kiganda huku ikiendelea. Tanzania walikuwa na Lufufu, na Kenya wana DJ Afro. Mfasiri huyu hafasiri maneno tu. Anambatiza mtu jina la utani, anamcheka mwingine, anamwonya steringi kama kwamba anamsikia. Kazi anayoifanya kwa mdomo, mwongozaji ameshaifanya kwa kamera. Tofauti ni kwamba VJ tunamsikia na tunajua yupo.

MFANO WA KWANZA: JUU YA PAA

Tulichukua filamu ya American Sniper, iliyoongozwa na Clint Eastwood na kutoka mwaka 2014. Inatokana na kitabu cha kumbukumbu cha Chris Kyle, mdunguaji wa jeshi la Marekani aliyepigana Iraq na baadaye kuuawa huko kwao Texas mwaka 2013. Bradley Cooper ndiye aliyemwigiza. Ilichuma zaidi ya dola milioni 500 duniani na kupata tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti. Tuishike hiyo tuzo, maana filamu inaanza na sauti.

Kabla ya picha yoyote ya hadithi, wakati nembo ya kampuni ingali kwenye kioo, tunasikia adhana. Kisha unaingia mngurumo mzito, na picha inapofunguka tunaona minyororo ya kifaru ikisaga vifusi na askari wakitembea kandokando. Mngurumo unaifunika adhana.

Darasani niligawa watu makundi mawili. Kundi moja lilisikiliza mwanzo huo bila picha, jingine likatazama bila sauti. Dada mmoja wa kundi la kusikiliza aliandika sentensi moja tu: "Nimesikia nyumbani, halafu nimesikia kitu kinakuja kuikanyaga." Kwa yeyote kati yetu, adhana ni saa ya kupumzika, ni futari, ni sauti ya mzee wa mtaani ambaye pumzi zake tunazifahamu. Lakini filamu ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mtazamaji ambaye hana kumbukumbu hizo. Yeye anasikia lugha asiyoijua, kwenye giza, halafu anaona vita. Hakuna mhusika aliyesema neno lolote baya kuhusu adhana. Haikuhitajika. Imewekwa jirani na kifaru, na Kuleshov amemaliza kazi.

Kisha tunapandishwa juu ya paa. Kyle amelala kifudifudi nyuma ya bunduki yake, na mwenzake yupo kando. Kamera inakaa karibu na uso wake: vumbi, jasho, jicho moja kwenye darubini. Halafu tunaona anachokiona yeye, mtaa uliozungushiwa duara. Mwanamume mmoja amesimama juu na simu sikioni. Je, anatoa habari za msafara wa askari, au anaongea na mkewe? Hatuna njia ya kujua, kwa sababu tuko ndani ya darubini, na darubini haina masikio. Mwanamume anaondoka. Wanatoka mwanamke na mtoto wa kiume. Mwanamke anampa mtoto guruneti. Msafara wa askari unakuja. Kyle anaomba uthibitisho kwenye redio, anaambiwa uamuzi ni wake, na mwenzake anamkumbusha kwamba akikosea ataozea jela.

Tazama jinsi vyombo vyote sita vinavyofanya kazi kwa pamoja hapo. Zamu: Kyle na wenzake wametangulia. Macho: ni yake. Ukaribu: pumzi zake tunazisikia, ilhali mama na mtoto wako mbali, ndani ya duara. Sauti: yeye ana maneno, wao ni bubu. Mpangilio: uso wake, wao, uso wake tena, hata swali zito la tukio linageuka kuwa "moyo wake utahimili vipi?" badala ya "mtoto huyu ni nani na amefikaje hapa?" Na muda ndio umeachwa kuwa pigo la mwisho, kama tutakavyoona.

Kidole kinakaza kwenye kifyatulio. Risasi inalia. Lakini mkato wa mhariri unatuhamisha: tuko msituni Marekani, miaka mingi nyuma, na aliyefyatua ni Kyle akiwa mtoto, amempiga kulungu akiwa na baba yake.

Hiyo ndiyo mbinu tuliyoisoma kwa jina la kisengerenyuma, na hapa imefanya mambo mawili. La kwanza, imetuachia taharuki: mama na mtoto wamening'inizwa hewani. La pili, katika muda huo wa kuning'inia tunalelewa pamoja na Kyle. Tunamwona kanisani na familia. Tunamwona akimpigania mdogo wake anayeonewa shuleni. Tunamsikia baba mezani akiwagawa wanadamu mafungu matatu: kondoo, mbwamwitu, na mbwa wanaolinda kondoo. Tunamwona akijeruhika moyo, akifanya mazoezi ya kijeshi, akichumbia, akioa. Zaidi ya dakika 20 zinapita. Ndipo tunarudi paani na risasi inafika: kwa mtoto kwanza, kisha kwa mama.

Sasa pima. Upande mmoja tuna mtu tunayemjua tangu utoto wake, baba yake, mkewe na hofu zake. Upande wa pili tuna mtoto tusiyejua jina lake, na mama ambaye hatujui kama alifiwa, alilazimishwa, au alichagua. Na tumeshafundishwa na baba wa Kyle kwamba duniani kuna mbwamwitu. Mizani imepakiwa kabla hatujaombwa kupima.

Kwa uadilifu niseme lililo haki ya filamu: haimwonyeshi Kyle akifurahia. Mwenzake anapompongeza, anamfukuza. Uso wake umeharibika. Lakini hata hapo angalia huzuni imekaa wapi. Tunaombwa kumsikitikia aliyeua kwa mzigo aliobebeshwa. Waliouawa wamebaki kuwa huo mzigo.

Jambo jingine linalofaa kujulikana: katika kitabu chake Kyle alisimulia kumpiga mwanamke mwenye guruneti. Mtoto kupigwa risasi kwenye tukio hilo ni nyongeza ya filamu. Watengenezaji walijua kwamba mtoto akiwa ndani ya duara, uzito wa uamuzi unaongezeka, na kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo tunavyomshikilia zaidi anayeubeba.

AFRIKA MASHARIKI KWA SEKUNDE KADHAA

Katikati ya kisengerenyuma hicho kuna mahali ambapo darasa zima lilinyamaza. Kyle yuko kwake, ameachana na mpenzi wake, televisheni imewashwa. Habari zinaonyesha mashambulizi ya balozi za Marekani ya mwaka 1998. Uso wa Kyle unakaza. Mara tunamwona akienda kujiandikisha jeshini.

Ndugu msomaji, hiyo ni Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998. Waliouawa siku hiyo ni zaidi ya watu 200. Wamarekani walikuwa 12. Walio wengi mno walikuwa Wakenya: makarani, walimu, wapita njia, abiria waliokuwa wakipita na basi. Wapo kati yetu ambao wazazi wao wanaikumbuka siku hiyo. Katika filamu, msiba huo wa kwetu umekuwa picha ndogo ndani ya televisheni ya mtu mwingine, na kazi yake ni kumpa yeye sababu. Hatuoni uso wa Mkenya hata mmoja kwa ukaribu. Tunaona uso wa anayetazama.

Baadaye televisheni inarudi tena na mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na haupiti muda tuko Iraq. Hapa ndipo mpangilio wa picha unapofanya kazi kubwa kuliko zote. Hakuna mhusika anayesema kwamba Iraq ndiyo iliyofanya hayo. Ukweli ni kwamba serikali ya Iraq haikuhusika na mashambulizi ya 1998 wala ya 2001. Yote yalikuwa kazi ya Al-Qaeda. Lakini picha ya mlipuko ikifuatwa na uso wenye hasira, na uso ukifuatwa na mtaa wa Iraq, akili ya mtazamaji inaunganisha yenyewe: hawa ndio. Bakuli la supu limekaa jirani na uso, na njaa imeonekana. Uongo unaosemwa tunaweza kuupinga, maana tunausikia. Ule tunaoutunga wenyewe kutokana na picha mbili zilizowekwa jirani ni mgumu kuukamata, kwa kuwa tunadhani ni mawazo yetu.

MFANO WA PILI: NYUMA YA UKUTA

Wiki iliyofuata tulitazama mwanzo wa The Battle of Algiers, filamu ya mwaka 1966 iliyoongozwa na Mwitaliano Gillo Pontecorvo, miaka minne baada ya Algeria kupata uhuru. Ilipigwa mjini Algiers kwenyewe, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na karibu waigizaji wote hawakuwa waigizaji wa kazi. Saadi Yacef, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa wapiganaji mjini humo, alishiriki kuitengeneza na akaigiza mhusika anayefanana naye mwenyewe. Picha zake zinafanana sana na za habari, hata tangazo la mwanzo kwenye nakala za Marekani likaeleza kwamba hakuna kipande hata kimoja cha habari halisi ndani yake.

Ukiiweka kando ya filamu ya kwanza utaona mifupa ya mwanzo ni ileile. Zote mbili zinaanza karibu na pigo, zinafika kwenye uso mmoja uliobanwa mahali padogo, zinausimamisha muda, na kuturudisha nyuma. Kilichobadilika ni nani amewekwa wapi.

Mtu wa kwanza tunayemwona si shujaa. Ni mwanamume wa makamo, amevuliwa nguo kifuani, mwili umelegea, macho yamejaa machozi. Askari wa Kifaransa wamemzunguka. Mateso yenyewe yameisha, tumechelewa. Tunachoonyeshwa ni matokeo yake. Wanampa kahawa. Wanaongea naye kwa upole, kama mtu aliyefaulu mtihani. Wanamvisha sare yao ili awapeleke kwenye maficho aliyoyataja. Anapovaa kofia, analia.

Fikiria mwongozaji alivyotutega hapa. Huyu ni msaliti. Kwa kauli yake watu watakufa. Angeweza kuonyeshwa kwa mbali, akinong'ona, na sote tungemlaani. Badala yake amepewa zamu ya kwanza na ukaribu wa kwanza. Tunamhurumia kabla ya kujua alichokifanya, na tunapojua, huruma haitoki. Huko ndiko kuonyesha ukatili wa mateso: si kwa damu, bali kwa uso wa mtu ambaye nafsi yake imevunjwa.

Malori yanaondoka, muziki wa ngoma unaanza, askari wanaingia Casbah alfajiri. Familia zinatolewa vyumbani mikono juu. Kanali Mathieu anasimama mbele ya ukuta wenye vigae na kuongea na ukuta: mmebaki ninyi tu, jisalimisheni. Ndipo kamera inafanya jambo ambalo American Sniper haikulifanya. Inaingia upande wa pili. Nyuma ya ukuta, gizani, wamejibana watu wanne: Ali la Pointe, mwanamke kijana, mwanamume mwingine, na mtoto. Tunawaona nyuso kwa nyuso. Macho ya Ali yanajaza kioo, na kisengerenyuma kinaanza: mwaka 1954, Ali akiwa tapeli wa karata mtaani anayewakimbia polisi.

Kuna mtoto hapa na kuna mtoto kule, wote katika mji ulioingiliwa na jeshi la kigeni, wote karibu na kifo. Mmoja tumemwona kupitia darubini. Mwingine tumekaa naye ndani ya giza lake. Hiyo ndiyo tofauti ya huruma zetu mbili. Haikutoka kwenye hoja yoyote iliyojadiliwa.

Je, basi Pontecorvo naye si mpakiaji wa mizani? Ndiyo, ni mpakiaji. Lakini kuna jambo alilofanya mbele ndani ya filamu lililotuzungumzisha sana. Wanawake wa Kialgeria wanapoyapeleka mabomu mjini kwa Wafaransa, kamera haiwaachi waliokaa mkahawani wakiwa kundi tu. Inapita uso kwa uso: vijana wanaocheka, mtoto anayelamba aiskrimu. Tunajua kilichomo ndani ya kikapu, wao hawajui. Na maiti zinapotolewa kwenye vifusi, muziki wa maombolezo uliopigwa kwa waliokufa Casbah unapigwa pia kwa waliokufa mkahawani. Filamu ina upande, hilo haifichi, lakini haikuwanyima wa upande wa pili nyuso zao.

MBINU HAINA DINI

Tulipofika hapo, ndugu mmoja alisema kwamba sasa jambo liko wazi: wao wanatengeneza filamu dhidi yetu na basi. Nilimjibu kwa mfano. Mwaka 2006 Clint Eastwood huyohuyo alitoa Letters from Iwo Jima, kuhusu vita vya Marekani na Japani. Filamu hiyo inazungumzwa karibu yote kwa Kijapani, na kamera imekaa mapangoni na askari wa Kijapani wakiwaandikia wake zao barua. Safari hii wanaotoka baharini, wengi, wadogo, wasio na majina, ni Wamarekani. Mkono uleule, vyombo vilevile, vimegeuzwa upande.

Kwa hiyo mbinu hizi si za Magharibi wala Mashariki. Ni kama kisu cha jikoni. Na huruma iliyotengenezwa haimtawali kila mtazamaji: The Battle of Algiers ilionyeshwa Pentagon mwaka 2003, kwa maofisa waliotaka kujifunza kuhusu vita vya mjini wakati Iraq ikiwaka. Mtu anayejua anachokitafuta hutazama filamu na kichwa chake mwenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kuzichukia filamu za wengine na kuzipenda za upande wetu. Aya ya 8 ya Sura Al-Maida inatutaka tusiache uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyonayo kwa watu. Uadilifu huo unahitaji macho. Ni vigumu kumtendea haki mtu ambaye hujawahi kumwona ila akiwa ndani ya duara la darubini, awe Mwiraki au askari wa Kimarekani.

NAMNA YA KUTAZAMA

Hizi ndizo hatua tulizozitumia. Zinahitaji simu moja, daftari na nusu saa.

1. Sikiliza dakika tano za mwanzo bila kutazama. Andika kila sauti na hisia iliyokuletea. Kisha jiulize: hisia hiyo imetoka kwenye sauti yenyewe, au kwenye sauti iliyofuata?

2. Tazama dakika zilezile bila sauti. Andika ni nani alionekana kwanza, na ni nani aliyepewa uso wa karibu. Hesabu mara ngapi.

3. Tazama kwa sauti na picha, na kila mkato uulize: sasa natazama kwa macho ya nani?

4. Tafuta aliye bubu. Katika kila mwanzo kuna mtu anayetendewa jambo na hasemi. Andika sentensi tatu za tukio hilo kwa nafsi ya kwanza, ukiwa wewe ndiye yeye.

5. Tazama viungo. Pale picha mbili zinapofuatana na wewe ukahisi kwamba ya kwanza imesababisha ya pili, simamisha. Je, kuna aliyesema hivyo, au umeunganisha wewe? Kisha nenda kauthibitishe ukweli wake nje ya filamu.

6. Mwisho, pima muda. Umekaa dakika ngapi na kila upande kabla ya kuombwa kuhukumu?

Hatua ya nne ndiyo iliyowafundisha wengi. Mama wa kwenye duara, alipoandikwa na wanafunzi kumi na wawili, alipata maisha kumi na mawili tofauti. Baadhi walimtetea, baadhi walimlaumu vikali kwa kumpa mtoto guruneti. Lakini hakuna aliyeweza tena kumwita "yule."

KAMERA ILIYO MIKONONI MWETU

Nimalizie na jambo linalotuhusu zaidi kuliko Hollywood. Jumuiya zetu za vyuo siku hizi zinatengeneza video. Ukikaribia mwezi wa Ramadhani, simu zetu zinajaa video za kuchangisha futari, visima na ada za yatima. Zichukue video hizo uzipitishe kwenye hatua sita hapo juu.

Mara nyingi utakuta kamera imesimama juu, imemwinamia mtoto, naye anaonekana mdogo kuliko alivyo. Utakuta uso wa karibu pale tu machozi yanapotoka. Utakuta nashidi ya huzuni imeanza kabla mtoto hajafungua kinywa. Utakuta mtoaji ana jina, cheo na maneno ya shukrani, na mpokeaji ni bubu, hata jina hana. Fedha zinapatikana, na lengo ni jema. Lakini yule yatima ni mtu, naye kesho atakuwa mwanafunzi wa chuo kama sisi, na video yake itakuwa bado ipo.

Huruma inaweza kupatikana bila kumvunjia mtu heshima. Ishushe kamera ilingane na macho yake. Mpe zamu ya kwanza na umwache aseme anachokisoma, anachokipenda, anachokihitaji. Mwombe ruhusa yeye na mlezi wake, na uwaonyeshe video kabla ya kuisambaza. Muziki uuache, usikie kama maneno yake hayatoshi. Yakitosha, mchangiaji atakayetoa atakuwa amemsaidia mtu anayemheshimu, na huo ni mwanzo mzuri kuliko machozi.

Kazi ya muhula ujao ni hii: kila mmoja achague mwanzo wa filamu anayoipenda sana, ile ambayo steringi wake hataki aguswe, na aipitishe kwenye hatua zote sita. Filamu tusizozipenda zimeshatufundisha vya kutosha. Zilizobaki ni zile ambazo tukiulizwa kwa nini tunazipenda, tunajibu haraka mno.

Wabillahi tawfiq.